Mlango Ambao Ripley Alikataa Kuufungua

Dallas na Lambert wamembeba mwenzao Kane hadi kwenye mlango wa chombo cha anga. Kiumbe wasiyemjua amemganda usoni, na Dallas, nahodha wao, anaamuru mlango ufunguliwe mara moja. Kwa saa hiyo mwenye mamlaka ndani ni Ellen Ripley, na jibu lake ni hapana: kanuni ya karantini inataka saa 24. Nahodha anarudia amri, Ripley anarudia jibu. Ndipo Ash, afisa wa sayansi, anapobonyeza kitufe na kuwaingiza. Vifo vyote vinavyofuata katika Alien, filamu ya mwaka 1979, vinapitia mlango huo.

Ukitaka kujua kwa nini watu bado wanamkumbuka Ripley ilhali mashujaa wengi wa kike waliomfuata wamesahaulika, anzia hapo, usianzie kwenye silaha. Katika onyesho hilo hapigi mtu wala hakimbii. Anakataa, basi. Anakataa kwa sababu ya jambo ambalo wenzake nao wanalijua, ila huruma imewafumba macho, na kukataa huko kunamgharimu. Mtazamaji anayeiona filamu kwa mara ya kwanza humchukia kidogo: mtu yuko nje anakufa, naye anasoma kanuni. Yuko sahihi, na usahihi wake haupendezi. Mwandishi akimpa mhusika wa kike dakika moja ya namna hiyo amempa kitu ambacho mapigano kumi hayawezi kumpa.

Kwa hiyo ukitunga mhusika wa kike wa bunilizi za kisayansi au wa katuni, kabla ya umri, sura na mavazi, muulize swali moja: mlango wake ni upi? Anajua nini, anakataa nini, na kukataa kwake kunamlipisha nini? Majibu yakija mepesi mepesi, kwamba anapinga uovu au anataka kuwa huru, huyo bado hajazaliwa. Jibu liwe na kitu cha kushikika: kitufe, mlango, na mtu mwenye jina aliyeko upande wa pili.

Kuna habari ya mswada wa Alien inayosimuliwa sana na kueleweka nusu. Dan O'Bannon aliandika humo kwamba nafasi zote za wahudumu wa chombo zinaweza kuchezwa na mwanamume au mwanamke. Watu wakachukua fundisho: andika mwanamume, kisha badilisha jina. Ushauri huo una faida moja ya kweli, maana unamzuia mwandishi asimpe mwanamke kazi ya kulia na kuokolewa tu. Ukiufuata hadi mwisho, hata hivyo, unabaki na mtu asiye na ya nyuma. James Cameron alipoandika Aliens, filamu iliyofuata, ya mwaka 1986, alimpa Ripley ya nyuma. Anaamka baada ya kulala miaka 57. Binti yake, ambaye Ripley alimwahidi kurudi kabla ya siku yake ya kuzaliwa, amezeeka na kufa akiwa na miaka 66. Onyesho la habari hiyo lilikatwa katika toleo la kumbi za sinema, likarudishwa baadaye katika toleo refu. Anayefundisha uandishi ayaonyeshe matoleo yote mawili, moja baada ya jingine, kisha awaulize wanafunzi wake Newt, mtoto wa filamu hiyo, ni nani. Onyesho lisipokuwepo, Newt ni mtoto aliyeokotwa na mtu mwema. Likiwepo, kila hatua ambayo Ripley anapiga kurudi chini kumtafuta ni ahadi ya pili ya mtu ambaye ya kwanza ilimshinda kuitimiza. Dakika chache tu, na uzito wa filamu unahama.

Filamu hiyohiyo ina somo la pili ambalo mimi naliona ndilo lenye faida zaidi kwa anayeanza. Mwishoni Ripley anajitokeza akiwa ndani ya mashine ya kubebea mizigo, ile inayovaliwa mwilini kama suruali na mikono ya chuma, na kupigana na malkia wa viumbe. Mtazamaji hashangai kwamba anajua kuiendesha, kwa sababu aliona mapema. Kabla ya kutua sayarini Ripley amekaa bure kati ya askari wenye shughuli, anaomba kazi, sajini anamuuliza anaweza nini, naye anaingia katika mashine ile na kunyanyua mzigo. Onyesho lile lina sababu yake lenyewe: mgeni anatafuta heshima mbele ya askari. Hiyo ndiyo siri. Ujuzi utakaomwokoa mhusika uonekane siku ambayo hakuna anayeuhitaji, na uonekane kwa sababu nyingine kabisa, ili mtazamaji asinuse maandalizi. Ukiuleta katika dakika ileile ya hatari, atasema mwandishi amembeba. Ukiuleta mapema lakini bila sababu yake, atasema ameshajua mwisho.

Sarah Connor wa filamu za The Terminator naye ameigwa sana, na ameigwa vibaya. Mwaka 1984 alikuwa mhudumu wa mkahawa anayekimbizwa na mashine. Mwaka 1991, katika filamu ya pili, tunamkuta amefungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili, amesimamisha kitanda na kujivuta juu kwa mikono. Linda Hamilton alijifua kikwelikweli kwa ajili ya nafasi hiyo, na misuli yake ilionekana. Waigaji wakachukua misuli. Wakaacha nyumba ya Dyson, mhandisi ambaye kazi yake itakuja kuzaa mashine zile. Humo Sarah anaingia peke yake, usiku, akiwa na bunduki, kwenda kumuua mtu kwa kosa ambalo bado hajalitenda, na kwa mwendo wake, ukimya wake na macho yake amefanana na ile mashine iliyomwinda miaka ya nyuma. Anamjeruhi. Mtoto wa Dyson anajitupa juu ya baba yake. Kidole cha Sarah kinagoma, anaanguka sakafuni akilia. Mlango wake uko pale, na safari hii ni yeye aliyekaribia kuufungua. Bila usiku ule, mazoezi yote ya kitandani ni mazoezi tu.

Kinachoharibika kwa waigaji ninakijua, na kina mpangilio wake. Mwandishi anaogopa kulaumiwa kwamba amemchora mwanamke dhaifu. Kwa hofu hiyo hampi kosa lolote. Asiyekosea hana la kujifunza, na asiye na la kujifunza hana safari. Safari inahamia kwa mwanamume aliye pembeni, kwa kuwa yeye anaruhusiwa kuboronga. Matokeo yake ni yule mwanamke tunayemjua sote: anaingia kwa kishindo, anawaangusha watu watano katika onyesho la kwanza, anamfundisha shujaa kupigana, halafu kufikia katikati ya filamu anasimama nyuma yake akimtazama akishinda. Nia ilikuwa njema. Woga ndio ulioharibu.

Woga huo hukua pale mwanamke anapokuwa mmoja tu kwenye kundi. Mwaka 1991 mwandishi wa Marekani Katha Pollitt aliupa utaratibu huo jina kwa kumtaja Smurfette, kiumbe wa kike aliyewekwa peke yake kati ya wanaume wengi wa katuni, ambao kila mmoja ana tabia yake, naye tabia yake ni kuwa wa kike. Mmoja akibeba jinsia nzima, kila kosa lake linahesabiwa kuwa kosa la wanawake wote, na ndiyo maana haruhusiwi kukosea. Dawa yake ni ya hesabu kabla ya kuwa ya sanaa: ongeza wa pili, na wa tatu. Tazama Princess Mononoke ya Hayao Miyazaki, ya mwaka 1997. San, aliyelelewa na mbwamwitu, anautetea msitu. Bibi Eboshi anaukata msitu ili apate chuma. Eboshi huyo amewakomboa wanawake kutoka madanguro na kuwapa kazi ya kukanyaga mivukuto ya tanuri, amewapokea wenye ukoma waliokataliwa na kila mtu na kuwafunga vidonda, kisha huyohuyo anachukua bunduki na kukifyatua kichwa cha mungu wa msitu. Hakuna kati yao anayehitaji kuwa mfano bora wa wanawake. Kila mmoja anaweza kukosea vikubwa kwa sababu mwenziwe yupo.

Kipimo cha Alison Bechdel, kilichotoka katika katuni yake ya mwaka 1985, kinasaidia hapa, mradi ujue kinapima nini. Kinauliza kama kuna wanawake wawili angalau, kama wanazungumza wao kwa wao, na kama wanazungumzia jambo lisilo mwanamume. Katika katuni ile mhusika anasema filamu ya mwisho aliyoweza kuitazama ni Alien. Kipimo hicho kinahesabu tu, hakimhukumu mhusika mmoja mmoja. Kitumie kwenye rasimu nzima, kisha kiweke kando.

Sasa nije kwa Toph Beifong, ambaye kwa maoni yangu ndiye aliyeundwa kwa ufundi mkubwa kuliko wote katika katuni za karne hii. Anaingia katika msimu wa pili wa Avatar: The Last Airbender, mwaka 2006, akiwa na miaka 12, kipofu, na hodari kuliko yeyote wa kutawala udongo na mawe. Anaona kwa nyayo: mtetemo wa ardhi unampa umbo la kila kinachoigusa. Waandaaji walikuwa wamemfikiria kuwa mwanamume mwenye misuli. Mwandishi mkuu Aaron Ehasz akashikilia awe msichana. Wakampa hata mtindo wake wa kung fu, ule wa vunjajungu wa kusini, ilhali wengine wenye uwezo kama wake wanatumia mtindo mwingine, hivyo ukimzima sura na kumwacha kivuli bado utamtambua kwa miguu.

Lakini ustadi wenyewe uko katika mipaka yake. Uwezo wa Toph unategemea ardhi ngumu chini ya nyayo, basi waandishi wakatafuta kila mahali ambapo ardhi hiyo haipo. Juu ya barafu anababaika. Majini anazama, hajui kuogelea. Akipanda mgongoni mwa Appa, mnyama wao mkubwa anayepaa, haoni chochote, na anakaa ameshikilia kwa nguvu. Maandishi kwake ni karatasi tupu. Nyayo zikiungua, dunia inazimika. Mchangani kila kitu kina ukungu. Huo wa mchanga ndio walioutumia bila huruma. Wenzake wameingia katika maktaba kubwa jangwani, yeye amebaki nje kwa kuwa vitabu havimhusu, na jengo linaanza kuzama likiwa na wenzake ndani. Anaushika mnara kwa nguvu zake zote. Wakati huohuo wezi wanamfunga Appa kamba. Akiachia, wenzake wanazikwa. Akishikilia, Appa anaibwa. Anashikilia, akiwasikia wezi wakiondoka na mnyama, na baadaye Aang, mwenye mnyama huyo, anamfokea kwa ghadhabu. Ripley yuleyule na mlango uleule, katika katuni ya watoto.

Njia ya kuupata mpaka wa namna hiyo inafundishika. Andika uwezo wa mhusika kwa sentensi moja. Chini yake andika unategemea nini ili ufanye kazi: ardhi, mwanga, sauti, kumbukumbu, idhini ya mtu fulani. Kisha orodhesha mahali pasipungue 5 ambapo kitegemezi hicho hakipo au kimeharibika, na umpeleke kwenye 2 angalau. Katika mojawapo hasara impate mtu mwingine, si yeye. Hili la mwisho ndilo waandishi wengi huliruka. Mhusika akiumia mwenyewe tunamhurumia, ila udhaifu wake ukimuumiza rafiki tunaanza kumjua. Na ukishaujenga mpaka, ushindi mkubwa uutoe ndani ya mpaka huohuo. Toph anapofungiwa katika sanduku la chuma, mahali ambapo mwenye uwezo kama wake hana la kufanya, anagundua kwa vidole kwamba chuma ni udongo uliosafishwa na kwamba bado umebaki udongo kidogo ndani. Anaukunja. Hakupewa nguvu mpya, alisikiliza kwa makini zaidi kile alichokuwa nacho.

Kuna kosa dogo la kujihadhari nalo hapa: kuufanya upungufu wa mwili uwe huzuni ya kudumu. Toph anawatania wenzake kwa upofu wake. Wakiwa angani wanatafuta ile maktaba, anapaza sauti kwamba ameiona, kila mtu anageuka, naye anawaambia hivyo ndivyo mmoja wao atakavyosema akiiona.

Kwa bunilizi za kisayansi ugumu mwingine ni elimu. Mwanasayansi wa kike anaandikwa mara kwa mara kama mtu aliyeambiwa kuwa ana akili: wengine wanataja shahada zake, naye anatamka maneno marefu. Arrival ya mwaka 2016 ilifanya kinyume. Louise Banks, mtaalamu wa lugha aliyechezwa na Amy Adams, anaambiwa na kanali kwamba anapoteza muda kuwafundisha wageni wa angani maneno madogo madogo. Anachukua kalamu na kuandika swali ambalo jeshi linataka jibu lake, yaani lengo lao duniani ni lipi, kisha analibomoa kipande kwa kipande. Wageni wanajua swali ni kitu gani? Wanajua tofauti ya kumuuliza mmoja na kuwauliza wote? Wanatofautisha kusudi na tendo lisilokusudiwa? Na wana msamiati wa kutosha ili tuelewe watakachojibu? Msomaji wa Kiswahili ataona hapo jambo ambalo mtazamaji wa Kiingereza halioni: katika Kiingereza neno ni lilelile kwa mtu mmoja na kwa kundi, ndiyo maana Banks analazimika kulieleza, wakati sisi "lako" na "lenu" zimeshatupa jibu. Elimu imeonekana ikifanya kazi, mbele ya mtu anayeipinga, kwa dakika moja na nusu ya mazungumzo. Fundisho la kutenda: tafuta swali ambalo watu wa kawaida wanadhani ni rahisi, umpe mtaalamu wako nafasi ya kuonyesha lina mifupa mingapi.

Na mlango wa Banks ni mkubwa kuliko yote niliyoitaja. Anajua binti atakayemzaa atakufa angali mdogo. Anachagua kumzaa.

Katika katuni kuna sehemu ambayo mwandishi hawezi kuifanya peke yake, nayo ni mwili. Chihiro wa Spirited Away, filamu ya Miyazaki ya mwaka 2001, ana miaka 10 na hana kipaji chochote cha ajabu. Angalia anavyoshuka ngazi za nje za nyumba ya kuogea ya mizimu kuelekea chumba cha tanuri: ngazi kali, hakuna pa kushika, naye anashuka ameketi, kidato kimoja kimoja, mgongo umeegemea ukuta. Kidato kinavunjika na anatimka hadi chini asiweze kujizuia. Baadaye sana, akitaka kumwokoa Haku, mvulana aliyemsaidia, anakimbia juu ya bomba lililobanwa ukutani huku linameguka nyuma yake. Mtoto yuleyule, kimo kilekile, ukuta wa nyumba ileile. Hakuna aliyesema amekuwa jasiri. Ukipanga hadithi ya kuhuishwa, weka jozi kama hiyo: tendo moja la mwili mwanzoni na linalofanana nalo kuelekea mwisho, na ulibane neno lolote linalotaka kuyaeleza.

Matendo madogo yana kazi kubwa zaidi. Akivaa viatu Chihiro anapigapiga ncha ya kiatu chini ili kisigino kiingie sawasawa. Haliongezi chochote katika kisa. Kwa picha 24 kwa sekunde, hata ukichora moja kwa kila fremu mbili, ni michoro 12 kwa kila sekunde ya tendo lisilo na lazima, na mtu wa bajeti atalikata kwanza. Usimruhusu. Miyazaki alimweleza mhakiki wa filamu Roger Ebert mwaka 2002 maana ya neno la Kijapani "ma" kwa kupiga makofi: ule muda kati ya kofi na kofi. Mhusika asiye na muda huo anabaki kuwa mtumishi wa matukio.

Upande wa pili wa jambo hilo ni Motoko Kusanagi katika Ghost in the Shell ya Mamoru Oshii, mwaka 1995. Mwili wake ni wa kiwandani, na wahuishaji karibu hawampepesi macho. Kupepesa ndiko kunakomfanya mchoro aonekane yu hai, kwa hiyo kukuondoa tu kumetosha kumtia mtazamaji mashaka ambayo Kusanagi mwenyewe anayo: je, humu ndani kuna mtu?

Sura ya kike ina tatizo lake la kiwanda. Wachoraji huogopa mikunjo. Pua inakuwa ndogo, macho makubwa, mashavu laini, na kila hisia inayokunja uso kwa nguvu, kama hasira, kinyaa au kicheko cha kupaliwa, inapunguzwa ili asionekane mbaya. Matokeo yake wasichana watatu wa filamu moja wanatofautiana kwa rangi ya nywele tu. Pima hivi: wajaze weusi mtupu na uone kama kivuli cha kila mmoja kinajitambulisha. Kisha futa nywele zote na uone kama nyuso zinatofautiana. Kipimo cha pili huwaangusha wengi. Ndiyo maana Sophie wa Howl's Moving Castle, ya mwaka 2004, ni wa kusomwa kwa makini. Msichana wa miaka 18 analaaniwa na kuwa bibi kizee wa miaka 90, na tangu hapo umri wake unapanda na kushuka ndani ya filamu: akilala anarudi ujana, akisema la moyoni mgongo unanyooka, akijidharau mikunjo inarudi. Mikunjo imekuwa lugha.

Nywele nazo. Merida wa Brave, mwaka 2012, alihitaji misokoto zaidi ya 1,500, na kompyuta ilikwama katika shida inayoeleweka kwa yeyote aliyewahi kushika springi. Ukiifanya ngumu ili msokoto usifunguke, nywele zinasimama kama waya. Ukiilegeza ili zicheze, akikimbia zinanyooka zote. Njia waliyopata ni kukokotoa mstari wa katikati unaopita ndani ya msokoto, ili mstari upinde na kuyumba huku msokoto wenyewe ukibaki na umbo lake. Taabu hiyo ilikuwa ya maana kwa sababu nywele zile zina kazi katika kisa. Mama anazifunika zote kwa kitambaa, Merida anachomoa msokoto mmoja ukae juu ya paji, mama anaurudisha. Ugomvi wa filamu nzima umeshaelezwa. Kama nywele za mhusika wako hazina ugomvi na mtu, usizitumie fedha. Ursula, mchawi mwenye mwili wa pweza katika The Little Mermaid, mwaka 1989, alichorwa na minyiri 6 badala ya 8 ili kupunguza kazi ya kuchora. Ukijumlisha mikono yake miwili, hesabu ya pweza inatimia, na hakuna mtazamaji aliyelalamika.

Kuna mhusika mmoja ambaye Waswahili tuna haki ya kumsemea, na habari yake si ya furaha tupu. Luteni Uhura wa Star Trek, aliyeanza kuonekana mwaka 1966, amepata jina lake kutokana na neno letu "uhuru", na jina lake la kwanza, Nyota, lilitamkwa katika filamu ya mwaka 2009. Nichelle Nichols alimwigiza kama afisa wa mawasiliano, mwanamke Mweusi aliyeketi katika chumba cha uongozi wa chombo wakati ambapo televisheni ya Marekani ilikuwa ikiwapa wanawake Weusi kazi za ndani. Lakini waandishi walimpa maneno machache mno, kiasi kwamba baada ya msimu wa kwanza alitaka kuondoka. Martin Luther King ndiye aliyemsihi abaki. Baadaye, kuanzia mwaka 1977, Nichols aliisaidia NASA kuwatafuta wanaanga wanawake na wasio Wazungu, na Mae Jemison, mwanamke Mweusi wa kwanza kufika angani, mwaka 1992, alisema wazi kwamba Uhura alimpa hamasa. Namheshimu Uhura kupita wengi. Hata hivyo anayeandika leo asimchukue kama kipimo cha kutosha. Kuketi kwake pale kulifungua milango ya watu halisi, ilhali yeye mwenyewe katika mswada hakupewa mlango wa kukataa kuufungua. Yaliyobaki Nichols aliyajaza kwa sauti, mgongo ulionyooka na macho.

Usiogope kumgundua mhusika wako ukiwa umechelewa. Elsa wa Frozen, mwaka 2013, alikuwa amepangwa kuwa mwovu. Kristen Anderson-Lopez na Robert Lopez walipoandika wimbo wa msichana anayeacha kujificha, waongozaji waliona kwamba anayeimba vile hawezi kuwa adui, na mswada ukaandikwa upya. Katika Inside Out ya mwaka 2015, ambamo wahusika ni hisia zilizo kichwani mwa mtoto, Furaha alikuwa asafiri na Hofu. Mwongozaji Pete Docter akaja kuona, kazi ikiwa imekwenda mbali, kwamba mwenzake ni Huzuni, na hapo ndipo filamu ikapata cha kusema: kwamba Furaha, mwenye bidii na nia njema, anamuumiza mtoto kwa kumzuia asilie. Dalili ya kwamba mhusika wako yuko mahali pasipo pake ni moja. Maonyesho anayokuwemo yanafanya kazi tu pale mwingine anapozungumza. Ukiiona, usimwongezee maneno. Mbadilishie mwenzake wa safari.

Mwisho wake nao uandaliwe kwa kitu, si kwa hotuba. Chihiro anarudi kwa wazazi wake wasiokumbuka lolote, wanamhimiza aingie garini, na filamu haimwambii mtu kama aliyoyapitia yalikuwa ya kweli. Kichwani amebaki na kifungio cha nywele ambacho rafiki zake walimsokotea kwa mikono nyumbani kwa mchawi Zeniba. Anageuka mara moja kutazama nyuma, kifungio kinameta, na gari linaondoka.